Kidole Kimoja na Samaki Mmoja: Jinsi Mtu Mmoja Anavyoweza Kuijenga au Kuibomoa Jamii

Waswahili tuna methali mbili ambazo huwatoka watu mdomoni karibu kila siku, na ni wachache wanaotambua kwamba zinapingana. Moja husema kidole kimoja hakivunji chawa. Nyingine husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ukiziweka bega kwa bega utaona jinsi tunavyofikiri kuhusu nguvu za mtu mmoja: likija suala la kujenga, tunasema mmoja hawezi kitu bila wenzake, likija suala la kuharibu, tunasema mmoja anatosha. Ndiyo maana kijana anayetaka kuzibua mtaro wa mtaa wake huulizwa "utaweza wewe peke yako?", ilhali mtaa huohuo ukiharibika, kila mkazi ana jina moja tu la kulibebesha lawama.

Mkanganyiko huu ulijitokeza waziwazi Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Zaidi ya miili 400 ilitolewa ardhini, ya watu wazima na watoto. Mhubiri anayedaiwa kuwafundisha waumini kufunga hadi kufa ameshtakiwa pamoja na wenzake na amekana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini vibarazani na ndani ya mabasi, kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam, swali lilikuwa moja: yawezekanaje mtu mmoja afikishe mamia ya watu mahali kama pale? Wapo waliojibu kwamba ni nguvu za giza, na wapo waliojibu kwamba waliokufa walikuwa wajinga. Nayaona majibu yote mawili kuwa ni njia ya kukwepa swali, kwa sababu la kwanza linamfanya kiongozi awe zaidi ya binadamu, na la pili linawafanya wafuasi wawe pungufu ya binadamu. Ukweli ni mgumu kuliko hayo, na unahusu pia mambo mema ambayo watu wamoja wamoja wamewahi kuyaanzisha.

Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo huchanganywa. Mamlaka ni haki ya kuamuru, ambayo mtu hupewa na cheo, sheria au desturi: hakimu anayo, mwenyekiti wa kijiji anayo, ofisa wa forodha anayo. Umaarufu ni kujulikana, basi. Mtu anaweza kutazamwa na watu milioni moja kwenye simu zao na asimbadilishe hata mmoja wao kiasi cha chumvi anachotia kwenye mboga. Ushawishi ni kitu cha tatu: ni uwezo wa kuwafanya wengine waone, waamue au watende tofauti na ambavyo wangefanya kama wewe usingekuwapo. Cheo chaweza kuusaidia ushawishi, na umaarufu pia, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kilicho lazima. Dhana kwamba asiye na cheo hana la kufanya ni ya kwanza kuondolewa njiani, maana wengi nitakaowataja hapa hawakuwa na cheo chochote siku walipoanza.

Nianze na jambo dogo nililoliona kwa macho yangu. Jioni moja ya mvua, daladala ya kutoka Kariakoo kwenda Mbagala ilikuwa imejaa hadi mlangoni, madirisha yamefungwa na vioo vimeshika ukungu kwa pumzi za watu. Konda akatangaza kwamba kwa sababu ya mvua na foleni, kila abiria ataongeza shilingi 200 juu ya nauli. Watu walinung'unika chinichini, kisha wakaanza kupekua mifuko na pochi. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma, shati lake limelowa mabegani, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kijana, nauli hii imepandishwa na nani?" Konda akamjibu kwamba asiyetaka ashuke. Kukawa kimya, na katika kimya kile nyuso zikamgeukia mzee kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Ndipo mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki wa kukaanga akasema, bila hata kuinua kichwa, "Hata mimi mwanangu sitoi." Msichana aliyesimama karibu yake akasema naye hatoi, wakafuata wawili, halafu sikuweza tena kuhesabu sauti. Tulipofika Mtoni kwa Azizi Ally, konda alikuwa anapokea nauli ya siku zote.

Ukiwauliza abiria wale nani aliyeizuia ile nyongeza, wengi watamtaja mzee. Mimi namtaja yule mama. Kama angenyamaza, mzee angeonekana mjuaji mwenye kiherehere, angelipa au angeshuka kwenye mvua, na sisi wengine tungelipa na kusahau. Mzee alifungua mlango, lakini ni mama aliyeonyesha kwamba mlango ule unapitika.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilieleza jambo hili mwaka 1978 kwa njia rahisi kuifuata. Kila mtu, alisema, ana idadi yake ya watu ambao lazima waanze ndipo naye ajiunge. Tuiite idadi hiyo kizingiti. Mwenye kizingiti cha sifuri huanza hata akiwa peke yake. Mwenye kizingiti cha moja husubiri amwone mtu mmoja, mwenye cha mbili husubiri wawili, na kuendelea. Sasa chukua kijiji chenye watu 100 ambao vizingiti vyao vimepangika kama ngazi, kuanzia sifuri hadi 99. Wa kwanza akisimama, wa pili anamfuata, kisha wa tatu, mpaka kijiji kizima kiko uwanjani. Chukua kijiji cha pili kinachofanana na hicho kwa kila kitu, isipokuwa mtu mmoja tu: yule aliyekuwa na kizingiti cha moja ana kizingiti cha mbili. Wa kwanza atasimama, ataangalia kulia na kushoto, na atabaki peke yake, kwa sababu hakuna anayeridhika na mtu mmoja. Mgeni akipita katika vijiji hivyo viwili atasema kimoja kina mashujaa na kingine kina waoga, ingawa watu 99 kati ya 100 ni walewale.

Tunisia iliyaona haya kwa uchungu. Desemba 17, 2010, mchuuzi wa matunda na mboga aitwaye Mohamed Bouazizi, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alijichoma moto mbele ya ofisi za serikali katika mji wa Sidi Bouzid baada ya bidhaa na mizani yake kuchukuliwa na askari wa manispaa. Alifariki Januari 4, 2011, na siku kumi baadaye Rais Ben Ali, aliyekuwa madarakani kwa miaka 23, aliikimbia nchi. Simulizi huishia hapo, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba mtu mmoja aliuangusha utawala. Lakini Machi 2010, miezi tisa kabla yake, mchuuzi mwingine alikuwa amekufa kwa namna hiyohiyo katika mji wa Monastir, na utawala haukutikisika. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata: Sidi Bouzid, jamaa na wachuuzi wenzake waliandamana siku ileile, mmoja wa jamaa zake akawapiga picha za video na kuzitia mtandaoni, na televisheni ya Al Jazeera ikazichukua na kuzionyesha ulimwengu mzima, Tunisia yenyewe ikiwemo. Watu wale wa pili na wa tatu hawatajwi sana, na kutotajwa kwao kunatufanya tusielewe kilichotokea.

Kwa hiyo ushawishi wa mtu mmoja ufananishe na hamira. Kijiko kimoja kinaumua kilo nzima ya unga wa maandazi, na bila hicho kijiko unga utabaki ulivyo hata ukiukanda mpaka asubuhi. Lakini kijiko hichohicho ukikitia kwenye mchanga hakifanyi kitu, na ukikitia kwenye unga uliokandwa kwa maji ya barafu utasubiri hadi uchoke. Hamira inahitaji unga, joto na muda. Samaki naye ni vivyo hivyo: anawaozesha wenzake upesi wakiwa wamebanana ndani ya tenga lililoachwa juani, na si hivyo wakiwa kwenye barafu. Methali zile mbili hazipingani tena ukishaona kwamba zote zinaacha bila kutaja kitu kilekile, yaani tenga, jua na unga.

Kwa sisi wa Tanzania, hakuna mfano mzito kuliko ule wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mwaka 1904 alikuwa mganga katika nchi ya Wamatumbi, upande wa Rufiji, bila jeshi wala ufalme. Simulizi za wazee zinasema alichukuliwa na pepo Hongo, akazama ndani ya maji na kutoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu, akaanza kuwaambia watu kwamba wote ni wamoja na kwamba anayo dawa ya maji itakayozifanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Watu walimiminika Ngarambe kutoka mbali, na kwa nje ilionekana kama safari ya kawaida ya kutafuta dawa. Wajumbe wake wakaichukua dawa na maneno yake hadi kwa watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na kiongozi mmoja, wala lugha moja ya nyumbani.

Kwa nini walimsikiliza? Unga ulikuwa tayari. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umelazimisha mashamba ya pamba ya pamoja, ambako watu walifanya kazi kwa viboko huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu, na malipo yake yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, walikuwa wakali. Kila mmoja aliuchukia utawala ule, lakini kila mmoja aliamini kwamba jirani yake hatasimama naye, tena kabila la jirani ndiyo kabisa. Maji ya Kinjikitile yalifanya kazi moja ambayo hakuna bunduki ingeweza kuifanya: aliyeyanywa alijua kwamba na yule wa ng'ambo ya mto ameyanywa. Yalishusha vizingiti vya watu wa makabila zaidi ya ishirini kwa mpigo mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii. Kinjikitile, kwa mujibu wa simulizi, aliwaambia watu wasubiri amri yake. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu wachache waling'oa miche michache ya pamba, na kung'oa kule kukawa tangazo la Vita vya Maji Maji. Wajerumani walimkamata Kinjikitile mapema kabisa na kumnyonga Mohoro, Agosti 4, 1905, vita vikiwa na siku chache tu tangu vianze. Vilidumu hadi mwaka 1907. Mtu aliyeviwasha hakuwepo katika sehemu kubwa ya vita vyenyewe, na hapo ndipo tunapaswa kuona kwamba neno likishatoka na kushikwa na wengine, mwenyewe halimiliki tena, hawezi kulirudisha wala kulirekebisha. Agosti 30, 1905, maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, na bunduki za rashasha zikawafyeka.

Je, Kinjikitile aliitendea jamii wema au ubaya? Nimelifikiria swali hili tangu nikiwa mwanafunzi, na sikubaliani na wanaomtupia vifo vyote. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000, na wanahistoria wengi wanataja kati ya 200,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Njaa hiyo haikuletwa na maji ya Ngarambe. Ililetwa na askari wa Gavana von Götzen waliochoma maghala na mashamba kwa makusudi ili watu washindwe kupigana. Hata hivyo ahadi ya maji ilikuwa ya uongo, na walioikimbilia bunduki ya rashasha kwa sababu yake walikufa kwa sababu yake. Mtu huyohuyo aliwafundisha watu wa kusini kwamba wanaweza kuwa kitu kimoja, fundisho ambalo waliodai uhuru miaka ya 1950 walilikumbuka, na pia aliwapa kinga isiyokuwepo. Anayetaka kumweka upande mmoja tu lazima afiche nusu ya habari.

Sasa tumtazame mtu aliyefanya kazi yake taratibu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa msomi wa sayansi ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanawake wa vijijini walikuwa wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, mito inakauka na watoto hawashibi, na yeye aliona kwamba malalamiko hayo matatu yana mzizi mmoja, yaani miti iliyokatwa. Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo ya kuotesha miche katikati ya miaka ya 1970, lilishindwa. Lilikuwa wazo zuri la mtu aliye peke yake. Wazo hilohilo lilipopelekwa ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, lenye matawi na vikundi, likapata miguu. Juni 5, 1977, miche saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, chini ya jina lenye neno ambalo kila Mkenya alilijua: harambee.

Nakuomba msomaji uitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo siri ilipo. Maofisa misitu walikuwa wamezoea kusema kwamba kupanda miti kunahitaji cheti. Wanawake wakaambiwa watumie walichokijua kutoka shambani: waokote mbegu chini ya miti ya kwao, wazioteshe kwenye vyungu vilivyovunjika na makopo, wazipe kivuli, wazimwagilie, kisha wapande na kupalilia. Malipo yalikuwa madogo, na hayakutolewa kwa mche uliopandwa; yalitolewa kwa mche ulioshika. Mtu alikwenda kuhesabu. Kikundi kimoja kilipofaulu, kikundi cha kijiji cha pili kilikuja kutazama kwa macho, na mwanamke aliyekuwa akisema "hatuwezi, hatujasoma" alimwona mwanamke mwingine ambaye hajasoma akiwa na kitalu cha miche. Huyo ndiye mama wa ndoo ya samaki, mara elfu nyingi. Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Yeye mwenyewe kwa mikono yake alipanda sehemu ndogo mno ya hiyo.

Kuna upande wa pili wa habari zake unaofundisha vilevile. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, mahali ambapo watu wa kawaida wa Nairobi hupumzika siku za mapumziko. Wangari aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa na kwa ubalozi wa Uingereza. Wabunge walimkejeli bungeni, mahakama ilitupilia mbali kesi yake, kikundi chake cha kupanda miti kilifukuzwa katika ofisi za serikali, na Rais Moi alisema hadharani kwamba wanaoupinga mradi ule wana wadudu vichwani. Kwa mizani ya mamlaka alikuwa ameshindwa kila mahali. Lakini wafadhili wa nje walisoma, wakaona aibu au hasara mbele yao, wakarudi nyuma, na bustani ikabaki. Alikuwa ameelewa kwamba mlango uliofungwa na wakubwa wa nyumbani huenda ufunguo wake unashikwa na mtu mwingine kabisa.

Wapo wanaoamini kwamba nia ndiyo inayoamua matokeo: mwenye nia njema ataleta heri, mwenye nia mbaya ataleta shari. Naelewa kwa nini tunapenda kuamini hivyo, lakini kumbuka kikombe cha Loliondo. Mwanzoni mwa mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye wengi walimwita Babu, alikuwa akitoa dawa ya mizizi ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, akisema Mungu alimwonyesha katika ndoto kwamba inatibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa tajiri na kwa maskini. Anayefanya biashara ya udanganyifu hapangi bei kama hiyo, na wengi waliomwona walimwelezea kuwa mtu mpole. Foleni ya magari ilinyooka kwa kilomita nyingi porini. Mawaziri na wabunge walipiga picha wakiwa na kikombe mkononi, na kila picha ilikuwa sawa na kumwambia mgonjwa aliyesitasita kwamba wakubwa wameshaamini. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe Samunge, wapo walioacha dawa za kufubaza virusi, na makumi waliripotiwa kufia njiani au kwenye foleni. Upole wa Babu haukuwaponya. Na sisi tuliotuma ujumbe wa simu kwa shangazi na wajomba kwamba "fulani amepona" tulikuwa sehemu ya foleni ile.

Kinyume chake pia ni kweli, kwamba mtu anaweza kuwa na haki na ushahidi, na bado asisikilizwe. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwa nini wanawake waliojifungua walikufa zaidi katika wodi ya madaktari kuliko katika wodi ya wakunga: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti. Akaagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka kutoka takriban wanawake 18 kati ya 100 mwezi Aprili hadi wawili hivi kati ya 100 baada ya miezi michache. Wakubwa wa taaluma hawakukubali, kwa sababu kukubali kulimaanisha kukiri kwamba mikono yao wenyewe iliua. Naye hakusaidia hali: alichelewa kuandika, na alipoandika aliwaita wapinzani wake wauaji. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili kabla dunia haijamwelewa. Ukweli wake haukuwa na kasoro. Alichokosa ni watu wa pili wa kutosha, na lugha ya kuwapata.

Niongeze aina moja ya ushawishi isiyohitaji wafuasi hata kidogo, nayo ni ya mtu aliyekaa mahali pembamba ambapo mambo yote hupita. Septemba 26, 1983, ofisa wa jeshi la Kisovieti Stanislav Petrov alikuwa zamu wakati mitambo ilipoonyesha makombora ya Marekani yakija. Akaamua kwamba ni hitilafu ya mitambo na hakutoa taarifa ya shambulio, na alikuwa sahihi. Usidhani nafasi kama hizo ni za vita vya nyuklia tu. Karani anayekalia faili la shule inayongoja kibali, na muuguzi anayekataa kuitoa dawa ambayo tarehe yake imepita, wote wamekaa kwenye njia nyembamba kama ile.

Sasa turudi kwenye swali la samaki, yaani kwa nini ubaya unaonekana kwenda haraka kuliko wema. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: kitu cha kubomolewa tayari kipo, ilhali cha kujengwa hakipo. Mti huchukua miaka kukua na dakika kukatwa. Imani ya watu kwa chanjo au kwa jirani ni mti wa namna hiyo. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji akitumia watoto 12 tu. Jarida la Lancet liliiondoa mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari, lakini hofu aliyoipanda haikufutwa pamoja naye, na bado wauguzi wa kliniki huulizwa maswali yaleyale na wazazi ambao hawajawahi kusikia jina lake. Kusema jambo la kutisha kulimtaka mtu mmoja na makala moja. Kulikanusha kumewataka maelfu ya watu na uchunguzi wa watoto wengi mno.

Kwa msingi huo tunaweza kulitazama tena swali la Shakahola bila kutaja nguvu za giza na bila kuwatukana wafu. Simulizi za manusura zinaeleza watu walioacha kazi, wakauza mali, wakawatoa watoto shule na kuhamia msituni. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko iliyofuata, na kila hatua iliwapunguzia watu wa kuwauliza. Aliyeacha kazi amepoteza wafanyakazi wenzake. Aliyemtoa mtoto shule amempoteza mwalimu. Aliyehamia msituni amempoteza jirani, shangazi na muuza duka. Mwishoni mtu huyo akitazama pande zote anaona tu watu wanaofanya kama yeye. Hata kama moyoni ana shaka, kizingiti chake kinadai angalau mtu mmoja wa kusimama naye, na mtu huyo alishaachwa nyuma. Hakuna aliyebaki wa kusema "hata mimi sitoi".

Lakini nje ya msitu walikuwapo waliokuwa bado wanauliza, ndugu waliotafuta dada na wajukuu zao. Taarifa iliyowafikisha polisi Shakahola katikati ya Aprili 2023 ilitoka kwa raia. Polisi walipoingia waliwakuta watu waliodhoofika kwa njaa, baadhi yao wakafariki kabla ya kutibiwa na wengine wakaokolewa, na baada ya hapo ndipo uchimbaji wa makaburi ulipoanza.